Kibao cha Babu na Kaburi la Baba: Somo Kutoka Ugomvi wa Ibada za Kichina

Swali linalowafikia mapadre na makatekista wetu hapa Babati mara nyingi kuliko maswali ya Utatu Mtakatifu ni hili: "Baba amefariki. Mimi ndiye mzaliwa wa kwanza. Ukoo umepanga siku ya kumaliza msiba, na nimeambiwa nishike kibuyu, nimwage pombe kaburini na kuwataja baba na babu kwa majina. Nikikataa, ndugu watasema nimemkana baba. Nikikubali, je, nimemkana Kristo?"

Anayeuliza hivyo hatafuti ubishi. Mara nyingi ni mwanajumuiya mwaminifu, pengine mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo, na anajua kwamba jibu lolote litamgharimu. Sisi tulioko seminarini huwa tunamjibu haraka. Mmoja anasema, "Ni upagani, usiende." Mwingine anasema, "Ni mila tu, nenda." Majibu yote mawili yamewahi kutolewa na Kanisa, tena kwa maandishi rasmi kutoka Roma, kuhusu swali linalofanana sana na hili. Swali hilo lilitoka China, kati ya watu waliolelewa katika mafundisho ya Confucius, na ilichukua karibu miaka 300 kulimaliza. Ndiyo maana naona mseminari wa Mbulu ana sababu ya kusoma habari za China.

Twiga wa Malindi

China si mbali nasi kama tunavyodhani. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa mbele ya mfalme Yongle wa China, katika miaka ya safari kubwa za merikebu za amiri Zheng He. Watu wa ikulu walimwita qilin, mnyama wa hadithi ambaye kwa imani yao hutokea pale tu nchi inapotawaliwa kwa haki, na ambaye hadithi humhusisha na kuzaliwa kwa Confucius mwenyewe. Mnyama tunayemwona Tarangire, mwendo mfupi kutoka hapa mjini, alipokewa kule kama ishara ya hekima ya Confucius.

Miaka 127 baadaye, mwaka 1542, Mtakatifu Fransisko Ksaveri alitia nanga Malindi hiyo hiyo akiwa njiani kwenda India. Alifika Japani, kisha akafa tarehe 3 Desemba 1552 katika kisiwa cha Shangchuan, akiitazama pwani ya China bila kuruhusiwa kuingia. Wiki chache kabla, tarehe 6 Oktoba, mtoto aitwaye Matteo Ricci alikuwa amezaliwa Macerata, Italia. Yeye ndiye atakayeingia.

Siku hizi jina la Confucius linasikika hapa kwa njia nyingine. Taasisi za Confucius zilifunguliwa mwaka 2013 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma, na vijana wetu wanakwenda kujifunza Kichina. Wachache wanajua mtu huyo alifundisha nini.

Confucius aliishi kati ya mwaka 551 na 479 kabla ya Kristo. Hakuanzisha dini kwa maana tunayoizoea. Alifundisha utu, ambao Wachina huuita ren, na adabu yenye taratibu zake, iitwayo li. Jamii inasimama juu ya mahusiano matano: mtawala na raia, baba na mwana, mume na mke, mkubwa na mdogo, rafiki na rafiki. Mzizi wa yote ni heshima ya mtoto kwa wazazi, na heshima hiyo haikomi wazazi wanapokufa. Kila nyumba yenye kujiheshimu ilikuwa na vibao vya mbao vyenye majina ya mababu. Mbele ya vibao hivyo watu walifukiza ubani, waliweka chakula na kuinama mpaka paji la uso kugusa chini. Wasomi walifanya vivyo hivyo mbele ya kibao cha Confucius katika ukumbi wake. Kukataa hakukuwa jambo la faragha. Aliyekataa alijitenga na ukoo, na kama alikuwa msomi, alijifungia mlango wa kazi ya serikali.

Mzee yeyote wa Babati, awe Mgorowa, Mwiraqw au Mbarbaig, akisimuliwa haya hataona ugeni mkubwa. Wabarbaig humjengea mzee mwenye heshima bung'eda, kaburi la kuinuliwa ambalo kazi yake huchukua miezi na huwakusanya watu wengi. Nani alale chini ya kaburi kama hilo, na nani alijenge, ni sheria ya ukoo.

Ricci abadili kanzu

Ricci alifika Macao mwaka 1582, na mwaka uliofuata aliingia Zhaoqing pamoja na Mjesuiti mwenzake Michele Ruggieri. Walinyoa vichwa na kuvaa kama watawa wa Kibuddha, wakidhani kwamba mtu wa dini avae kama watu wa dini. Iliwachukua zaidi ya miaka 10 kugundua kosa lao: wasomi wa Kikonfusio hawakuwaheshimu sana watawa hao. Mwaka 1595 Ricci alifuga ndevu na nywele, akavaa kanzu ya hariri ya wasomi, na mwaka huo huo akaandika kwa Kichina kijitabu juu ya urafiki. Angalia alianzia wapi. Katika yale mahusiano matano alichagua lile ambalo mgeni asiye na ukoo anaweza kuingia nalo.

Aliingia Beijing mwaka 1601. Alichora ramani ya dunia, akatafsiri hesabu za Euclid pamoja na Xu Guangqi, ofisa mkubwa aliyebatizwa mwaka 1603 kwa jina la Paulo. Mwaka huo wa 1603 alichapa kitabu chake juu ya maana ya kweli ya Bwana wa Mbingu. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba vitabu vya kale vya China vilimjua Mungu, vikimwita Shangdi, Mtawala wa Juu, kabla mawazo ya baadaye hayajaufunika ujuzi huo. Hapa jimboni hoja hiyo tunaifahamu. Wairaqw walimwita Mungu Looaa na kumwomba katika slufay, sala ndefu ya baraka ya wazee, kabla padre wa kwanza hajafika. Na kama Ricci alivyobishaniwa, nasi tunabishaniwa: Looaa anatajwa kama mwanamke na anahusishwa na jua. Je, ni yule yule? Mimi naona kwamba jina huweza kubatizwa kama mtu anavyobatizwa, lakini mtu haachi kuwa na historia baada ya ubatizo, na jina vilevile.

Kuhusu mababu, Ricci aliamua hivi: Wachina wenye elimu hawadhani kwamba wafu wanakula kile chakula. Wanakiweka kwa sababu hawajui njia bora ya kuonyesha upendo na shukrani. Wala hawamwombi Confucius chochote. Kwa hiyo Mkristo aruhusiwe, ingawa baadaye ni vema chakula hicho kigeuzwe kuwa sadaka kwa maskini. Ricci alifariki tarehe 11 Mei 1610, na mfalme akatoa ardhi ya kumzikia Beijing, jambo la heshima kubwa kwa mgeni. Tarehe 17 Desemba 2022 Papa Fransisko aliidhinisha hati ya kumtangaza kuwa Mtumishi wa Mungu anayestahili kuitwa Mwenyeheshima.

Ulimuuliza nani?

Katika miaka ya 1630 Wadominikani na Wafransisko waliingia jimbo la Fujian. Hawakukaa na wasomi wa ikulu, walikaa vijijini. Huko waliona watu wakipiga magoti mbele ya vibao na kuomba watoto, mavuno na kinga dhidi ya magonjwa. Walipouliza maana ya neno la Kichina linalotumika kwa ibada hizo, waliambiwa ni neno la kutolea sadaka. Basi wakashangaa: Wajesuiti wanaruhusuje jambo hili?

Wanafunzi wengi wakifika hapa hutaka kujua nani alikuwa mkweli. Jibu ni kwamba wote walikuwa wakweli. Ricci alimuuliza msomi, naye msomi alimjibu kisomi. Wadominikani walimuuliza mkulima, wakapata jibu la mkulima. Kitendo ni kimoja, maana mbili. Roma yenyewe ilionyesha hivyo bila kukusudia: mwaka 1645, kwa maelezo ya Mdominikani Juan Bautista Morales, ibada zilikatazwa, mwaka 1656, kwa maelezo ya Mjesuiti Martino Martini, ziliruhusiwa, na mwaka 1669, ilipoulizwa amri ipi ishikwe, ikajibu kwamba zote mbili zina nguvu, kila moja kwa mazingira yake. Katikati ya hayo, mwaka 1659, Idara ya Uenezaji Imani iliwaagiza maaskofu wa misioni wasiwalazimishe watu kuacha desturi zao isipokuwa zinapopingana waziwazi na imani na maadili. Wapeleke imani, si Ufaransa wala Hispania. Maagizo hayo ningependa yabandikwe katika kila darasa letu la umisionari.

Kilichofuata ni cha kusikitisha. Mwaka 1692 mfalme Kangxi alitoa amri ya kuruhusu Ukristo. Mwaka mmoja tu baadaye, 1693, Charles Maigrot, msimamizi wa kitume wa Fujian, alipiga marufuku ibada zile katika eneo lake na kupeleka shauri Roma. Mwaka 1700 Kangxi mwenyewe, kwa ombi la Wajesuiti, alitamka kwamba heshima kwa Confucius na mababu ni ya kiraia. Roma haikukubali neno la mfalme asiye Mkristo juu ya suala la imani, na mwaka 1704 Papa Klementi XI akakataza. Mwaka 1706 Kangxi alimwita Maigrot na kumwonyesha maandishi manne yaliyotundikwa juu ya kiti cha enzi. Maigrot, aliyekaa China zaidi ya miaka 20, alishindwa kuyasoma sawasawa. Mfalme akauliza, kwa namna yake, mtu asiyeweza kusoma anawezaje kuhukumu maana ya desturi zetu?

Tusimcheke Maigrot haraka. Aliogopa ibada ya sanamu, na hofu hiyo ni ya Biblia. Lakini kila ninapowaona vijana wetu wakihukumu tambiko la Wabarbaig bila kujua neno moja la Kidatooga, namkumbuka.

Mwaka 1715 katazo lilithibitishwa kwa hati Ex illa die. Kangxi alipoisoma tafsiri yake mwaka 1721, aliamuru wageni wasihubiri tena. Mwanaye Yongzheng alipiga marufuku Ukristo mwaka 1724. Balozi wa Papa, Mezzabarba, alikuwa ametoa ruhusa nane za kulainisha mambo. Papa Benedikto XIV alizifuta mwaka 1742 kwa hati Ex quo singulari na kuwaapisha wamisionari wote wa China washike katazo. Kuanzia hapo, kwa karibu miaka 200, Mchina aliyebatizwa alionekana kwa jirani zake kama mtoto asiye na adabu kwa wazazi. Waliolipa gharama hiyo si waliokuwa wakibishana.

Majuma sita ya mwaka 1939

Tarehe 29 Oktoba 1939, katika Basilika ya Mtakatifu Petro, Papa Pius XII aliwaweka wakfu maaskofu 12 wa misioni. Mmoja alikuwa Joseph Kiwanuka wa Masaka, Uganda, Mwafrika wa kwanza wa nyakati zetu kuwa askofu katika sehemu hii ya Afrika. Mwingine alikuwa Mchina, Thomas Tien, ambaye mwaka 1946 angekuwa kardinali wa kwanza wa China. Walipiga magoti katika adhimisho moja.

Majuma sita baadaye, tarehe 8 Desemba, Idara ya Uenezaji Imani ilitoa hati Plane compertum est. Wakatoliki wa China wakaruhusiwa kuhudhuria heshima kwa Confucius mbele ya picha au kibao chake na kuinamisha kichwa mbele ya marehemu, picha zao au vibao vyenye majina yao. Kile kiapo kikaondolewa.

Hati hiyo isomwe kwa makini. Haikusema kwamba Ricci alikuwa sahihi na mapapa walikosea. Ilisema kwamba siku hizi, katika nchi za Mashariki, matendo ambayo zamani yaliambatana na ibada za kipagani yamebaki na maana ya kiraia, kwa vile mawazo na mazoea ya watu yamebadilika. Maana ya ishara haikai ndani ya ishara milele. Inategemea watu wanaoitumia. Mlango huo unafunguka pande zote mbili: kilichokuwa ibada kinaweza kuwa heshima tu, na kilichokuwa heshima tu kinaweza kugeuzwa ibada na mganga mmoja mjanja.

Turudi kaburini

Tofauti zetu na China zipo. Sisi hatukuwa na mfalme wa kuiandikia Roma wala vitabu vya kale vya kumwonyesha Papa. Desturi zetu zilipokatazwa, hakukuwa na ugomvi wa miaka 300 wenye hati na majibu. Zilihamia usiku. Mtu alipokea Ekaristi asubuhi, jioni akaenda nyumbani kwa baba yake mdogo, na padre hakuambiwa. Nadhani hiyo ni hasara kuliko ule ugomvi, kwa sababu jambo lisilosemwa halirekebishiki.

Basi yule mzaliwa wa kwanza tumwambie nini? Kwanza tumuulize, kama wale wa Fujian walivyopaswa kuulizana. Maneno gani yatatamkwa pale kaburini, na yataelekezwa kwa nani? Kumtaja baba, kumshukuru na kusema mbele ya ukoo kwamba tutalea watoto wake, hayo ni matunda ya amri ya nne. Kumwomba baba aondoe ugonjwa au atoe mvua kama mwenye uwezo huo ni jambo jingine. Tena, siku hiyo imepangwaje? Kama ni desturi ya kumaliza msiba, ni sawa na vibao vya Ricci. Kama imepangwa kwa sababu mganga amepiga ramli akasema marehemu ana hasira na ndiye anayemsumbua mtoto, hapo pana hofu, na hofu ya wafu ndiyo Kristo aliyokuja kuivunja. Na wale wanaotazama, hasa watoto na wakatekumeni, wataelewa nini? Pengine kijana msomi wa ukoo anajua moyoni kwamba pombe ile ni ishara tu, huku bibi yake akiamini kwamba inanywewa.

Maandiko yenyewe hayana sauti moja nyepesi. Kumbukumbu la Torati 26:14 humtaka mwamini atamke kwamba hakutoa sehemu ya zaka kwa ajili ya mfu. Yoshua bin Sira 30:18 anadharau vyakula vilivyowekwa kaburini. Lakini Tobiti 4:17 anamwagiza mwanawe aweke mkate kaburini pa wenye haki. Na 2 Wamakabayo 12 inatufundisha kutoa sadaka kwa ajili ya waliolala. Swahili yetu nayo inatutega: "sadaka" ni kile kinachowekwa kapuni Dominika, na pia ni kile kinachochinjwa nyumbani kwa marehemu. Wadominikani wa Fujian wangetuelewa.

Kuna maumivu mengine chini ya swali hili. Ksaveri aliandika jinsi Wajapani waliobatizwa walivyolia walipoambiwa kwamba hakuna msaada kwa mababu zao waliokufa bila ubatizo. Hapa kwetu bado kuna waamini ambao babu zao walizikwa kabla ya kusikia jina la Yesu. Kwao kibuyu si ushirikina. Ni namna pekee waliyoachiwa ya kusema kwamba babu hajatupwa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Lumen Gentium 16, unafundisha kwamba wale wasioijua Injili bila kosa lao, lakini wanamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kufuata dhamiri, wanaweza kupata wokovu. Mwamini anayefundishwa hilo anaweza kumwombea babu yake kwa jina katika Misa, na wengi hawajui kwamba wanaruhusiwa.

Wanateolojia wetu wamekwenda mbali zaidi. Padre Charles Nyamiti wa Tabora, aliyezaliwa mwaka 1931, alichapa mwaka 1984 kitabu juu ya Kristo kama Mhenga wetu: tuna udugu naye, ni mpatanishi, ni kielelezo cha maisha, na ana haki ya kuwasiliana nasi daima. Wakosoaji wanauliza: kwa desturi zetu mhenga hufa mzee, ameacha watoto, kijana aliyetundikwa msalabani bila mke wala mtoto anakuwaje mhenga? Kwangu swali hilo linaongeza nguvu ya jina hilo, kwa sababu linalazimisha desturi ibadilike ili impokee Kristo. Jirani zetu wa Kongo walipata kibali mwaka 1988 kwa Misale yao, ambamo mwanzoni mwa Misa wahenga waliomtafuta Mungu kwa moyo mnyofu wanaitwa pamoja na watakatifu. Sisi hatuna kibali hicho, na padre asijitungie. Lakini anayo Misa ya marehemu, anayo baraka ya kaburi, anayo tarehe 2 Novemba, na hakuna sheria inayomzuia kumpa mzaliwa wa kwanza nafasi ya kusimama mbele ya ukoo, kumtaja baba yake na mababu, na kuongoza sala ya kuwaombea.

Kabla ya darasa lijalo, kila mseminari anayekwenda likizo Babati, Magugu, Galapo au Dareda amtafute mzee mmoja na bibi mmoja wa ukoo ule ule, kila mmoja peke yake. Awaulize nini hufanyika pale kaburini siku ya kumaliza msiba, na kwa nini. Aandike majibu kwa lugha waliyoyatoa, kabla ya kuyatafsiri. Kama majibu mawili hayafanani, alete yote mawili.